Bogart, Ulanzi na Liemba

Hapa Hanga tunaye mzee mmoja, mpenzi wa sinema za kale za Hollywood. Ukimtajia mwigizaji wa leo, anasonya. Kwake uigizaji ulikwisha na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn katika The African Queen ya mwaka 1951. Kisa ni cha vita vya 1914, koloni la Mjerumani, yaani hili letu, na meli ya Mjerumani inazamishwa ziwani. Kamera zikapelekwa Uganda na Kongo; sisi wenye kisa hatukupata hata ya chai. Hepburn aliugua tumbo. Bogart, anayesemekana aliyakwepa maji akashika wiski, alibaki mzima, akarudi kwao kubeba Oscar yake pekee. Mzee wetu amelishika somo hilo la afya barabara, ila badala ya wiski ameweka ulanzi.

Meli iliyotoa wazo la kisa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiopoa 1924, ikaitwa Liemba, ikabeba abiria na dagaa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi, bila Oscar. Nilipomtajia Liemba, mzee aliuliza kama ni yule mwanamuziki wa Kongo.