Muulize Shangazi: Mgeni Yuko Njiani

*Shikamoo Shangazi. Mke wangu ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Tumepanga chumba na sebule. Sebule nimeigeuza chumba cha mtoto, nimepaka rangi ya samawati, na kitanda cha mninga chenye magurudumu nimeagiza Keko. Mwenzangu ananuna tu. Nimesahau nini? Baba Kijacho, Mbagala.*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa mninga. Kitanda hicho kitadumu hadi kwa wajukuu, kwa sababu mtoto mwenyewe hatakilalia. Atalala ubavuni kwa mama yake, ndani ya chandarua, na magurudumu yatabeba nguo zinazosubiri pasi. Mimi pia ningenuna, sebule yangu akipewa mtu wa kilo tatu asiyejua hata kukaa.

Sasa zamu yangu kuuliza. Mkeo ana kundi gani la damu? Ikihitajika, nani ameshakubali kwenda kumtolea? Dereva wa bajaji anayepokea simu saa nane za usiku namba yake unayo, au una za mafundi wa Keko peke yake? Kadi ya kliniki inakaa wapi? Usimuulize, itafute mwenyewe, maana siku ikifika wewe ndiye utakayetumwa. Beseni, mpira wa kutandika, pamba na kanga viwe kwenye mfuko mmoja karibu na mlango. Kanga zenyewe ziwe zimefuliwa zikalainika. Mpya zina ugumu wake, wala mtoto hasomi jina.

Na hili silitanii: kichwa kikimuuma isivyo kawaida, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, damu ikitoka au mtoto akipunguza kucheza, mnakwenda hospitali saa hiyo hiyo. Hamngoji kukuche, wala hamngoji mama apige simu kutoka kijijini.

Kwa sheria ya ajira ya 2004, mama mwajiriwa anapata likizo ya siku 84, na 100 akijifungua mapacha. Wewe umepewa tatu. Usizimalize kwa kuwafungulia wageni soda. Tafuta ndoo, ufue nepi.

*Shangazi, mashoga zangu wameunda kamati ya bebi shawa. Ina mwenyekiti, mweka hazina, sare na ukumbi Sinza. Mimi beseni bado sina. Mwali Asiye na Kauli, Tabata.*

Mwenyekiti ameshapeleka kitambaa kwa fundi? Basi kamati haivunjiki tena, mwanangu, hata kwa amri ya mahakama. Mbembeleze mweka hazina. Aliyeahidi elfu hamsini apangiwe Jumanne yake ndani ya arobaini yako, aje apike, aoshe vyombo, aondoke bila kuomba kumbeba mtoto. Keki ya ghorofa tatu haichemshi maji.

*Shangazi, kila mtu ananiambia nina bahati. Mimi naogopa, na siku nyingine nalia bafuni nikiwa nimefungulia maji wasinisikie. Labda sina moyo wa mama? Jina nimeliacha.*

Mwanangu, hapa utani naweka pembeni. Kuna anayempenda mtoto tangu tumboni, kuna anayempenda anapomwona, na kuna anayemzoea polepole, anamnyonyesha wiki kadhaa kama mtoto wa jirani, ndipo mapenzi yanaingia. Wote ni mama. Mchague mtu mmoja asiyekimbilia kukujibu "mshukuru Mungu", umwambie haya uliyoniandikia. Kilio kikipita wiki mbili, usingizi ukikataa hata pale unapopata nafasi ya kulala, au mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje siku ya kliniki. Nenda kamwambie nesi leo. Huo ni ugonjwa, na una tiba, ukiwa na mimba au ukishajifungua.

*Shangazi, mama yangu anakuja kutoka Tanga kunikanda kwa maji ya moto. Mama mkwe anatoka Moshi na ndizi za mtori. Kitu pekee wanachokubaliana ni kwamba mtoto apewe maji, Dar joto. Katikati ya Majabali, Kimara.*

Mtori kunywa, na bakuli la pili omba. Kukandwa, maji yawe ya uvuguvugu, na kama umeshonwa, mkunga aulizwe kwanza. Maji ya mtoto hayapo. Maziwa yako yana maji yanayomtosha miezi sita, hata Februari ya Dar. Kitovuni pia kusiende mafuta wala majivu.

Lakini usiwaambie wewe. Mke wa mtu hamfundishi mama mkwe kulea, utaitwa msomi mpaka mtoto aoe. Wapeleke wote wawili kliniki, wakae benchi la mbele, nesi aseme. Nesi hana ukwe na mtu.

*Shangazi, mwanaume kumsindikiza mke kliniki si aibu? Dume, Gongo la Mboto.*

Kliniki nyingi humhudumia kwanza aliyekuja na mwenzake. Ukiona haya, vaa kofia.