Meli Haimngoji Shangazi

Shangazi alipanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza bandarini Barcelona, akiwa na mikoba minne na swali moja: "Baba, mahamri yapo?" Hayakuwepo. Tulizunguka naye Bahari ya Mediterania siku saba, na niliyoyaona nayaandika kwa yeyote wa kwetu anayedunduliza senti za safari kama hiyo, awe Kisauni, awe Kariakoo, au awe Birmingham anakotaka kumtembeza mama yake.

Anza na viza. Barcelona, Marseille, Genoa na Naples zote zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja yatosha. Lakini ratiba ikipitia Tunis katikati, umetoka Schengen na unataka kurudi, na hapo utahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Anayengoja wiki ya mwisho, sanduku limeshafungwa na majirani wameshaagwa, alifungue sanduku.

Kabini, chukua ya katikati ya meli, sitaha za chini. Manahodha wa majahazi hawakuhitaji kufundishwa hili: omo hupanda, tezi hushuka, katikati hutulia. Shangazi alitaka chumba chenye kibaraza cha kutazamia mawimbi. Mawimbi ni yale yale ukiyatazama kutoka sitaha ya juu, na huko hayana bei.

Kisha zoezi la uokoaji. Usilikwepe. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo, na zoezi lao lilikuwa bado halijafanywa. Siku hizi hufanywa kabla meli haijaondoka. Milio saba mifupi na mmoja mrefu: ukiisikia, nenda kituo chako cha kukusanyikia. Shangazi aliuliza kama angeweza kwenda baada ya chai. Nilimwambia hapana, na wewe wako mwambie vivyo hivyo.

Sasa bandari, maana hizo ndizo safari yenyewe. Chakula cha melini kitakushibisha, bwawa litakuburudisha, lakini hakuna aliyevuka bahari kwa ajili ya bwawa. Jambo la kwanza ni kujua umeshushwa wapi. Ratiba itaandika Roma, nawe utavaa kanzu nzuri, kumbe meli imetia gati Civitavecchia, na Roma iko mbali zaidi ya kilometa 60. Ni kama kuambiwa umefika Dar es Salaam ukashushwa Bagamoyo. Livorno na Florence ni hivyo hivyo. Treni zipo na ni nzuri, ila piga hesabu ya kwenda na kurudi kabla hujaahidi mtu kuonana na Papa.

Naples ni kinyume chake. Unashuka ngazi ya meli, unavuka barabara, na Castel Nuovo inakukodolea macho. Hapo kosa la watu ni uroho: mji, Pompeii na kisiwa cha Capri, vyote kwa siku moja. Chagua kimoja. Sisi tulichagua Pompeii, dakika kama 40 kwa treni kutoka stesheni ya Garibaldi. Mji huo ulifukiwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79, na mpaka leo karibu theluthi yake haijafukuliwa. Katika njia zake kuna mawe makubwa yaliyopangwa kukatisha barabara, watu wavuke bila kukanyaga maji machafu, na kati ya jiwe na jiwe pameachwa nafasi ya magurudumu ya mikokoteni. Shangazi alisimama juu ya jiwe moja muda mrefu. "Hawa walikuwa na akili," alisema, "na mvua yetu ya Mombasa bado tunaivuka kwa kuruka." Kwa hilo moja tu, nauli yake ilirudi.

Usirudi melini kula mchana ati kwa sababu umeshalipia. Mwaka 2017 UNESCO iliutia ufundi wa wapika piza wa Naples katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kaa nao.

Na usalimie. Sisi wa pwani tunajua mtalii wa meli anavyoonekana ukiwa umekaa barazani: kundi linaingia kichochoroni, kamera inatangulia salamu, bibi anapigwa picha akichambua mchele, na kundi limeshapita. Ukishuka Naples au Palermo, mtalii huyo ni wewe. Sema "buongiorno" kabla hujainua simu. Wapishe wenye mji njia, na nunua kwenye duka la ndani, si lile la getini. Wenyeji hawa wamechoka. Venice ilizuia meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mbele ya mji kuanzia Agosti 2021, na mimi naona walichelewa. Melini pia, mwulize jina anayekutandikia kitanda. Yuko mbali na watoto wake kwa miezi.

La mwisho ndilo kubwa: saa. Karatasi ya kila siku itaandika 17:30 kuwa mwisho wa kurudi. Hiyo ni saa kumi na moja na nusu jioni, si saa tano na nusu. Wafasirie wazee na waandikie. Meli ikitoka Italia kwenda Ugiriki, saa husogea mbele, na simu yako hufuata nchi kavu ilhali meli yaweza kubaki na saa yake. Fuata ya meli. Ukienda na matembezi yaliyoandaliwa na meli, basi likichelewa meli hungoja. Ukienda peke yako haingoji, na tiketi ya kuifuata bandari inayofuata ni yako. Kwa hiyo chukua dawa zako, nakala ya pasipoti na namba ya wakala wa bandarini. Hili si la Wazungu peke yao: zama za majahazi, aliyekosa kusi Zanzibar alikaa hadi msimu mwingine.

Naples tuliona wawili wakikimbia gatini na mifuko ya ndimu, meli imeshaachia kamba. Mmoja alipunga mkono. Nahodha hakurudi nyuma. Basi ndugu msomaji, kabla hujakanyaga ngazi ya kushukia, tazama saa ya meli, kisha ilinganishe na yako.