Msifunge Dirisha Hili

Ofisini kwetu fundi wa kompyuta ni mimi. Cheo hicho nilikipata siku nilipochomoa karatasi iliyokwama kwenye printa kwa kijiko cha chai, na tangu hapo sijapata pa kukirudisha.

Basi programu ya stoo ilipoanza kusuasua, nikaitwa. Ni faili la Access, limekaa kwenye kompyuta ya bosi, nasi tunalifikia kwa mtandao wa ofisi. Ukitafuta bei ya bushi za Noah, kiduara kinazunguka hadi mteja anamaliza soda na kuulizia nyingine.

Ajabu yake, saa moja asubuhi nikiwa peke yangu inakimbia. Saa mbili mama mhasibu anawasha yake, yangu inalala. Nilivumilia siku tatu, ya nne nikamwambia kwa adabu zote, "Mama, kompyuta yako inaionea yangu." Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, nina miaka kumi na tisa hapa. Sijagombana na kompyuta ya mtu."

Ushauri ukamiminika. Mzee wa stoo: virusi. Bosi: zimeni, washeni. Dereva: bando limekwisha, ingawa faili lenyewe halitoki nje ya jengo. Nilibadilisha waya, nikalibana faili likapungua uzito, mwendo ukabaki uleule. Hata bando nilinunua, kwa hela yangu.

Jibu nililipata getini, kwenye jengo la jirani. Mlinzi akanipa daftari: jina, simu, unamwona nani, saa ya kuingia, sahihi. Kufika kwenye lifti nikakumbuka risiti nimeiacha kwenye pikipiki. Nikatoka: saa, sahihi. Nikarudi: jina, simu...

"Afande, si umeniona sasa hivi?"

"Utaratibu, kaka."

Nikaganda na kalamu mkononi. Pembeni ya faili letu huzuka kifaili kingine, mwisho wake .laccdb, ambamo kila anayeingia huandikishwa. Akitoka wa mwisho, kinafutika. Programu yetu ilikuwa inajiandikisha na kuaga kwa kila swali. Nikiwa peke yangu mambo yanakwenda. Akija mama mhasibu, tunagombea kalamu. Access inapokea hadi watu 255 kwa mpigo. Sisi wawili tulishapanga foleni.

Dawa yake: ukishaingia asubuhi, usitoke. Nikatengeneza kidirisha kidogo kinachoshikilia jedwali moja la faili lile kutwa nzima. Bei ya bushi ikawa inakuja kabla mteja hajakaa. Nilimwomba mama mhasibu radhi, akaniletea chapati.

Tatizo, watu wakikiona kile kidirisha wanakifunga. (Najua, kingeweza kufichwa. Wakati huo nilikuwa bado fundi wa kijiko.) Nikaandika kwenye karatasi kwa wino mwekundu MSIFUNGE DIRISHA HILI, nikabandika ukutani juu ya kompyuta.

Ijumaa jioni mama anayefanya usafi, msikivu kuliko sote, akaisoma. Ilikuwa masika.

Jumatatu tulikuta dirisha la ukutani liko wazi kama nilivyoagiza, na trei ya printa imejaa maji. Wote wakanigeukia. Mzee wa stoo alikuwa ameshanishikia kijiko.