Sifa za Foleni ya Malaba

Wamesifiwa farasi, manukato na marais, lakini foleni ya malori ya Malaba haijapata hata malenga mmoja. Inatukanwa kwa Kiswahili, Kiganda, Kisomali na Kinyarwanda, nayo imetulia tuli, pua getini, mkia Amagoro; siku ikinona, mkia huo hushika njia ya Bungoma.

Dereva anayetoka Mombasa amemeza zaidi ya kilomita 900 za lami asionje hata moja. Kwake Voi ni kibao tu, na Nakuru ni taa za usiku. Simu ya tajiri haimwachi: "Umefika wapi?" Foleni peke yake ndiyo humzawadia siku nzima, tangu jogoo hadi mbu. Hapo hujua kwamba kivuli cha trela hakikai mahali pamoja, na kwamba jiko la utingo lazima likifuate. Ugali unasongwa, omena ziko tayari. Mbele huko mtu anaachia breki, fsss! Sufuria inapanda kabini na mwiko wake ndani, injini inanguruma, lori linasogea urefu wa lori moja, sufuria inashuka. Muuza mayai hata ndoo hakuitua. Kufikia jioni, mtoto wa Kisauni kule Mombasa anaamkia watu "yoga" kama Mteso wa kuzaliwa.

Ajabu ni kwamba mpaka huu huu wa Kenya na Uganda ndio ulioleta haraka duniani. Bodaboda ilianzia Busia, mji jirani, miaka ya 1960, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya vituo vya nchi hizo mbili. Leo wajukuu wao wanapita na pikipiki pembeni mwa malori, honi juu, abiria watatu, wakiwahi sijui nini.

Foleni ina maadui. Mkubwa wao ni kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja ili mzigo usimame mara moja tu. Cha Busia kilizinduliwa na Marais Kenyatta na Museveni Februari 2018, na wapenzi wa foleni tukaanza kutafuta sanda. Mapema mno! Mwaka 2020 korona ilitufufulia mgonjwa. Januari 2022 Uganda ikadai kila dereva apimwe mpakani kwa dola 30. Madereva wakagoma, na foleni ikanyooka makumi ya kilomita. Tangu hapo, kila mtandao wa forodha unapolala, yeye huamka.

Sasa wakubwa wanataka kuifikisha reli ya SGR hapa Malaba, makontena yapite bila kunusa omena za mtu. Michoro ipo, hotuba zipo. Muuza mayai hajaulizwa.