Mbuzi Waliochanjwa Haraka

Kila mtaa una watu wake wa lazima: fundi baiskeli, mama vitumbua, mzee wa kusuluhisha wanandoa, na mtu wa Kiingereza. Kwetu hapa Morogoro huyo wa mwisho ni mimi. Cheo sikukigombea. Nilifundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu, na majirani wakaona si haki lugha yote ile ibaki imekaa bure sebuleni. Tangu hapo chai yangu ya jioni huja na karatasi ya mtu: barua ya kuomba ufadhili wa masomo, fomu ya viza, ripoti ya kikundi, ujumbe wa simu kwa wakwe wa Ulaya. Malipo ni mayai. Kuku mwenyewe huonekana mara chache, tena kwa shughuli za viza tu.

Watu hudhani balaa letu katika Kiingereza ni matamshi, au yale maneno marefu ya mahakamani. Hayo ni madogo, mtu akikosea anachekwa na mambo yanaisha. Balaa lenyewe limejificha mahali ambapo hakuna anayelitazamia, ndani ya kishazi rejeshi, pale kitenzi cha wakati uliopita kinapokutana na kielezi. Hapo ndipo mbuzi wa kina mama wa mtaani kwetu nusura watuingize kwenye kesi.

Kina mama hao wana kikundi, na walipewa mbuzi wa maziwa na mfadhili kutoka nje. Sotoka ilipozuka kata ya jirani, wengine waliwahi kuchanja. Wengine walingoja hadi mbuzi wameanza kutokwa makamasi ndipo wakakimbizana na sindano, na hao wakawapoteza. Ilikuwa habari ya kawaida, ya kusikitisha, isiyo na siri. Katibu wa kikundi, binti mwerevu aliyemaliza kidato cha nne, akaiandika kwenye ripoti mwenyewe: "The goats that we vaccinated quickly died." Ikatumwa bila kupita kwangu.

Jibu likaja upesi kuliko fedha zinavyokuja. Mfadhili aliuliza chanjo ilikuwa ya kampuni gani, ilihifadhiwa wapi, nani aliichoma, na akaomba kwa herufi nzito kwamba mbuzi yeyote asiguswe tena na sindano. Mwenyekiti alinifikia na simu mkononi na kanga begani.

"Shikamoo Mwalimu. Wametuona wauaji."

Nikasoma, nikaelewa. Mfadhili alisoma kwamba mbuzi waliochanjwa walikufa haraka, fyu, sindano ikiwa bado ndani. Katibu alimaanisha wale waliochanjwa harakaharaka ndio waliokufa. Lile "quickly" limekaa katikati ya vitenzi viwili vya wakati uliopita na linatazama pande zote. Wanasarufi wa Kiingereza wana jina lake, nami nalipenda kuliko majina yao mengine yote: wanakiita kielezi chenye makengeza.

Katibu alijitetea kwamba kwa Kiswahili sentensi ile haina shida. Nikamwambia aiseme. "Mbuzi tuliowachanja haraka walikufa." Akanyamaza. Ina makengeza yaleyale! Tofauti ni kwamba sisi mambo haya huyasema kwa mdomo, na mdomo hupumua panapostahili: tuliowachanja haraka, halafu pumzi, halafu walikufa. Karatasi haipumui. Tuliiandika upya, kielezi tukakipa nyumba yake: "The goats that we vaccinated in a hurry, after the disease had already arrived, died." Si sentensi ya kupendeza, lakini haina kesi. Nilifuta pia "them" moja aliyoipachika baada ya "vaccinated" kwenye aya iliyofuata, maana Kiswahili kina -wa- ndani ya "tuliowachanja" na mtu huona vibaya kumwacha mbuzi bila kiwakilishi chake. Kosa hilo liko nchi nzima, na kusema kweli halijamdhuru mtu.

Lililomdhuru mtu ni la mjomba wangu.

Binti yake ameolewa Uholanzi, na mama wa mkwewe alikuja kututembelea. Alipanda basi kutoka Dar es Salaam, ateremke stendi ya Msamvu. Mjomba aliapa kwamba ujumbe wa kumwelekeza mgeni atauandika mwenyewe, hawezi kumsumbua mtoto wa dada yake kwa jambo la mstari mmoja. Akaandika: "I am the man who wore white kanzu and stood near the gate."

Mgeni akashuka. Akamwona mzee wa kanzu nyeupe amesimama karibu na geti, akampita. Kwa nini asimpite? Ujumbe unasema mtu huyo alivaa kanzu na alisimama getini, mambo yaliyokwisha. Sasa amevaa nini na yuko wapi, ujumbe haukusema. Yule mama akaingia mgahawani, akaagiza soda, akawa anamtafuta kwa macho mwanaume aliyewahi kuwa na kanzu. Mjomba naye alikuwa anamtafuta mama wa Kizungu mwenye wasiwasi, na huyu alikuwa ametulia kabisa na soda yake, basi hakumdhania. Akatuma ujumbe wa pili, akiamini kwamba kielezi kitatibu: "The man who wore kanzu now." Hapo hata ile soda ikamkwama mgeni.

Nikapigiwa simu. "Mjomba, andika 'wearing'," nikamwambia.

"Kwani nimeivua?"

Hilo swali ndilo sarufi yote. Kwa Kiswahili mzee hakukosea hata herufi. Mtu aliyevaa kanzu ni yule ambaye kanzu iko mwilini sasa hivi. Mtoto aliyelala usimwamshe, maana bado amelala. Aliyesimama mlangoni yuko mlangoni, aliyelewa bado anapepesuka. Sisi tukishaingia ndani ya kishazi rejeshi, -li- hufanya kazi mbili, yake na ya -me-, kwa sababu -me- haikubali kubeba kirejeshi. Nani amewahi kusikia "ameyevaa"? Tunaweza kuzunguka kwa "ambaye amevaa", lakini ni nani mwenye muda huo stendi, na basi linapiga honi? Tunasema "aliyevaa", dunia nzima inaelewa, na Mwingereza peke yake ndiye anayebaki mgahawani. Kwake "who wore" ni nguo iliyoko kwenye kamba ya kuanikia.

Na -li- ikishabeba kazi mbili hivyo, vielezi ndivyo vinavyotusaliti. Aliyefika jana na aliyefika tayari kwetu ni "aliyefika" yuleyule. Kwa Kiingereza cha darasani wamegawanyika: wa jana ni "who arrived yesterday", wa tayari ni "who has already arrived", na ukiwabadilishia vielezi mwalimu anatoa kalamu nyekundu. Ukisema "who has arrived yesterday" umemweka mgeni mmoja ndani ya siku mbili. Kizazi cha mtoto aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha siku ya kwanza ya sekondari akakuta hata baiolojia imegeuka Kiingereza, kina haki ya kuchanganyikiwa hapa. Namshangaa zaidi asiyechanganyikiwa.

Na Wamarekani hawasaidii. Wao husema "the guy who already left" bila haya, na mpwa wangu anayeangalia filamu usiku kucha huniletea ushahidi huo kila nikimsahihisha. Nimemwambia aolee Chicago kwanza, ndipo aandike hivyo.

Kuna aina moja ya ajali ambayo haitokani na Kiswahili hata kidogo, nayo ni mkato. Shule moja, nisiyoitaja kwa kuwa bado nakutana na watu wake sokoni, ilibandika tangazo la mkuu: "The teachers, who came late yesterday, will see me." Aliwataka wachelewaji watatu. Mikato yake miwili ikawachelewesha walimu wote, hata yule wa hisabati anayefungua geti alfajiri kabla ya mlinzi. Saa nne ofisi ya mkuu ilijaa. Mwalimu wa hisabati ndiye aliyekuja kwangu na tangazo mkononi, anataka kujua kama anaweza kudai fidia. Nikamweleza kwamba bila mikato, kishazi huchagua wachache, na kwa mikato humwagia kila mtu. H. W. Fowler alishalisumbukia jambo hili katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, akashauri "that" ibaki na wale wa kuchaguliwa na "which" na maelezo ya nyongeza. Waingereza wenyewe hawakumsikiliza sana. Mwalimu wa hisabati alisema angalau yule alijaribu kupanga fomula.

Maoni yangu, kama yana thamani ya yai moja: usikipe kielezi nafasi ya katikati ya vitenzi viwili, hata kikikulilia. Kisogeze mbele ya kitenzi chake au kipeleke kwenye kishazi chake mwenyewe, chenye muda wake. Kama jambo bado linaendelea, kanzu bado iko mwilini, achana na wakati uliopita kabisa, Kiswahili kiseme kitakavyo.

Kina mama walipewa mbuzi wengine, wakawachanja mapema, na ripoti ikapita kwangu kwanza. Karatasi napokea kila siku baada ya alasiri, isipokuwa Ijumaa. Ukija, njoo unajua jambo lako lilitokea lini na kama limekwisha au bado; kielezi tutakitafutia mahali pamoja. Na mayai yawe ya kienyeji.