Kula Upungue: Mwongozo kwa Wanaojinyima

Weka chini hiyo glasi ya maji ya limau na tangawizi. Vuta kiti, lete sahani, na kama yule shoga yako aliyekuambia ufunge mdomo mpaka siku ya harusi yupo karibu, mwite naye akae ale. Mwongozo huu wa kupunguza mwili unaanza na chai ya asubuhi, tena chai yenye kitafunwa cha maana. Nimechoka kuona watu wazima wenye akili zao wakijiadhibu kwa njaa kwa kosa la kuwa na kiuno.

Tunawajua. Yupo bibi harusi mtarajiwa ambaye fundi ameshapima gauni, basi mwezi mzima anaishi kwa matango na kahawa ya rangi. Yupo bosi aliyeambiwa na daktari apunguze kitambi, akaacha kula mchana, na saa kumi na moja jioni yuko kituoni mbele ya kibanda cha chipsi mayai, mikono inamtetemeka, anaagiza sahani mbili. Yupo dada aliyenunua majani ya chai yenye picha ya kiuno chembamba kwenye pakiti. Chai za namna hiyo mara nyingi zimetiwa sena, ambayo ni dawa ya kuharisha, kwa hiyo anachopoteza ni maji, na mafuta yamebaki palepale. Hakuna mvivu hata mmoja kati yao. Bidii yao ingetosha kujenga nyumba, na ndiyo maana inaniuma ikipotea chooni.

Agizo la kwanza: tafuta kalamu. Kabla hujapunguza chochote, jua mwili wako unatumia kiasi gani. Chukua kilo zako, zidisha kwa 10. Chukua urefu wako kwa sentimita, zidisha kwa 6.25, ujumlishe. Toa umri wako mara 5. Mwanamke atoe tena 161, mwanamume aongeze 5. Hesabu hii ilichapishwa mwaka 1990 na inajulikana kwa majina ya Mifflin na St Jeor. Inakupa makadirio ya kalori ambazo moyo, ini, ubongo na figo zako zinatumia hata ukilala kitandani kutwa nzima.

Tumpime mhasibu mmoja wa kufikirika pale Dar es Salaam: mwanamke, miaka 35, kilo 80, sentimita 160. Jibu lake ni 1,464. Huyo bado yuko kitandani. Akiamka, akioga, akatembea hadi kituoni, akakaa mezani mchana kutwa, akarudi kupika, tuzidishe kwa 1.4 hivi, tunapata kama 2,050. Akitaka kupungua kwa usalama atoe takriban 500, abaki na 1,550 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo mwendo huo utamwondolea karibu nusu kilo kwa wiki. Kilo 10 zitachukua miezi mitano au zaidi. Najua harusi ni wiki sita zijazo. Gauni lina fundi, lipelekwe likaongezwe.

Sasa iangalie ile namba ya kalori 1,200 kwa siku inayozunguka kwenye simu za watu. Ina historia. Mwaka 1918 Lulu Hunt Peters, daktari wa California, alitoa kitabu kilichowafundisha Wamarekani kuhesabu kalori badala ya kuhesabu vipande vya mkate, na 1,200 ndicho kiwango alichowapa wanaotaka kupungua. Kitabu kiliuzwa mno. Zaidi ya miaka 100 imepita na namba hiyo bado inagawiwa kwa kila mtu, mrefu na mfupi, mwuza duka na mcheza mpira. Mhasibu wetu akiifuata atakuwa anaupa mwili pungufu ya kile unachokitumia amelala. Wataalamu wengi wanaichukua 1,200 kwa mwanamke na 1,500 kwa mwanamume kuwa sakafu ambayo mtu hashuki chini yake bila daktari kumsimamia. Watu wameigeuza sakafu kuwa shabaha.

Na usinakili namba ya jirani. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo wengi wanapoumia. Mchukue kijana anayebeba mizigo Kariakoo: miaka 25, kilo 80 zilezile, sentimita 175. Amelala anatumia 1,774. Akishika rukwama kuanzia alfajiri, zidisha kwa 1.7, inafika karibu 3,000. Akiambiwa ale 1,550 kama mhasibu, amekatiwa chakula nusu nzima. Tunajua kitakachompata, kwa sababu jambo hilo lilishafanywa, likapimwa na kuandikwa.

Novemba 1944, chini ya majukwaa ya uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapokea vijana 36 wenye afya njema. Walikuwa wamekataa kwa imani zao kushika silaha vitani, wakajitolea kushindishwa njaa ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya walioathiriwa na vita. Miezi mitatu ya kwanza walilishwa vizuri, kalori 3,200 hivi kwa siku. Kisha zikafuata wiki 24 za kalori 1,570 hivi: viazi, kabichi, mkate, makaroni, mara mbili kwa siku, na juu yake kutembea kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Lakini soma yaliyowapata pamoja na hizo kilo. Walilamba sahani. Walikaa wakisoma vitabu vya mapishi. Walivaa nguo nzito mwezi wa saba, ambao kule ni kiangazi, kwa sababu damu yao ilikuwa imepoa. Mapigo ya moyo yalishuka, miguu ikavimba, hasira zikawa za karibu, hamu ya mapenzi ikawatoka. Waliporuhusiwa kula tena, wengi walikula mpaka tumbo likauma na bado wakalalamika njaa. Miezi michache baadaye mafuta yao ya mwilini yalikuwa mengi kuliko siku walipoingia. Keys na wenzake waliyachapisha yote mwaka 1950 katika kitabu cha juzuu mbili.

Vijana hao walikuwa na nia ya chuma. Walijitolea wenyewe, tena kwa ajili ya watu wasiowajua. Basi bosi wetu akijikuta saa nne usiku amesimama mbele ya friji na sufuria la wali wa jana mkononi, asijiite dhaifu. Mwili wake unadai deni la mchana, na mwili una mbinu za kudai zinazomshinda yeyote.

Agizo linalofuata: usimwamini anayekuuzia kilo 7 kwa siku 7. Mtu akikata vyakula vya wanga ghafla, ini na misuli huachia akiba ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo imeshikana na takriban gramu tatu za maji. Kilo mbili za mwanzo zinaondoka kwa mkojo na zitarudi na sahani ya kwanza ya pilau. Ukiendelea kushuka kwa kasi, misuli nayo inaliwa, nywele zinakatika, hedhi inaruka, na vijiwe vinaweza kujijenga kwenye mfuko wa nyongo. Biashara hii imeshaua watu. Miaka ya 1976 na 1977 Wamarekani wengi walikunywa protini ya maji badala ya chakula, chini ya kalori 400 kwa siku, iliyotengenezwa kwa ngozi na mabaki ya machinjioni. Karibu watu 60 waliripotiwa kufa, na baadhi yao moyo ulisimama ghafla ingawa hawakuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana. Anayekuuzia unga wa kutikisa kwenye chupa kwa bei ya kodi ya chumba, muulize kwanza una kalori ngapi kwa siku nzima. Akianza kukuonyesha picha za kabla na baada, aga.

Sasa tupike. Mhasibu ana 1,550 za kutumia. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu cha wastani, kikombe cha chai ya maziwa bila sukari: 400 hivi. Mchana ugali wa dona donge la ngumi yake, kikombe cha maharage yaliyoungwa kwa mafuta kidogo, mchicha mwingi kadiri anavyoweza, na kipande cha papai: 620 au zaidi kidogo. Jioni samaki wa kuchoma, kikombe cha wali, matembele yaliyopikwa kwa kijiko kimoja cha mafuta: 520 hivi. Hebu tazama hiyo meza. Kuna ugali, kuna wali, kuna samaki. Hakuna aliyefukuzwa. Mayai, maharage, dagaa, samaki na choroko vina protini inayolinda misuli na kumfanya mtu ashibe mapema, na mboga za majani zinajaza tumbo kwa kalori chache sana. Mgonjwa wa figo ndiye asiongeze protini kabla ya kuuliza daktari.

Palipo na wizi ni kwenye kidumu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Msimamie mpishi wako pembeni ya jiko, ikiwa ni wewe mwenyewe jisimamie, na umtazame anavyoinamisha kidumu: mafuta yanaanguka kwenye sufuria glu glu glu huku anaongea na simu, vijiko sita vimeshaingia kabla kitunguu hakijatiwa. Hizo ni kalori 720 ambazo hakuna atakayekumbuka kuzila. Pima kwa kijiko. Halafu njoo kwenye chai: sukari vijiko vinne vya chai, vikombe vitatu kwa siku, ni kama 190. Soda moja ya nusu lita inapita 200. Kata hapo kwanza, kata bila huruma, kisha uniambie kama bado unahitaji kumnyima mtoto wa watu ugali wake.

Kwenye sherehe, kula. Pilau kijiko kimoja cha kupakulia, nyama, kachumbari hadi sahani ifunikike, na maji. Shangazi atasema hujala kitu. Mwambie, "Nimeshiba, shangazi, Mungu akubariki," na umsifie mpishi kwa sauti. Ukianza kupungua kweli, jiandae na swali jingine: "Mbona umekonda, unaumwa?" Kwetu swali hilo ni zito. Kwa miaka mingi watu waliokonda walinong'onezwa kuwa wana Ukimwi, na wapo wanaoogopa kupungua hadi leo kwa sababu hiyo. Mjibu taratibu kwamba unafuata ushauri wa afya na unakula vizuri, ikibidi mkaribishe chakula cha jioni aone mwenyewe.

Ukihisi baridi wakati wenzako wanapepea magazeti, ukipata kizunguzungu ukisimama, hedhi ikiruka, nywele zikibaki kwenye chanuo, ongeza chakula wiki hiyohiyo na umwone daktari kama hali haibadiliki. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto anayekua hawamo kwenye hesabu hizi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla daktari hajaangalia dozi, maana sukari inaweza kushuka akaanguka. Na ambaye chakula kimekuwa vita moyoni mwake, anajitapisha au anajificha kula, atafute mtaalamu, aiache mizani dukani.

Kila ukipungua kilo tano, rudia hesabu, kwa sababu mwili mdogo unatumia kidogo. Na mhasibu akifika kilo 70 asibaki kwenye 1,550 kwa hofu. Hesabu yake mpya ni 1,364 amelala, karibu 1,900 akiwa kazini. Aongeze 100 wiki hii, 100 wiki ijayo, mpaka mizani itulie. Tofauti ya 1,550 na 1,900 ni chapati moja na kipande cha parachichi kila siku.