Namna ya Kumsimamia Mtaalamu Bila Kumsumbua

Hongera kwa kuingia IESG, kamati inayosimamia kazi za kiufundi za IETF, wale watunga viwango vya intaneti ambao hawapigi kura bali huguna. Kamati haikulipi hata senti. Unayekula mshahara wake ni mwajiri anayehesabu siku ulizokosekana ofisini. Pamoja na mzigo huo umerithi wataalamu wa sajili, nao wakijitolea kama wewe. Kama umewahi kukaa kamati ya harusi, uzoefu unao.

Wataalamu hao wanalinda namba. Programu mbili haziwezi kuongea mpaka zikubaliane zikutane wapi: 53 ni poti ya kuulizia majina ya tovuti, 443 ni ya kurasa zilizofungwa kwa siri. (Poti, si bandari, hapa hakuna meli ya kwenda Unguja.) Namba hizo huandikwa kwenye sajili za IANA, ofisi ya namba za intaneti. Zamani sajili hizo zilikuwa mikononi mwa Jon Postel, hadi alipofariki Oktoba 1998. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa Finland, aliandika kuomba poti 22 kwa ajili ya SSH, programu yake ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa siri. Joyce Reynolds wa IANA akamjibu kwamba amepewa. Kesho yake! Aibu ya namna hiyo isijirudie, na mwongozo huu umeandikwa kwa kusudi hilo.

Anza kwa kuteua mtaalamu mmoja tu. Waraka wa RFC 8126 wa mwaka 2017, unaoongoza sajili hizo, unaruhusu kuteua zaidi ya mmoja, lakini wawili watakumbushana, na kukumbushana huzaa kazi. Mtafute aliyeandika itifaki yenyewe, yaani zile kanuni za programu kuongea, enzi hizo, ambaye sasa anashughulika na mambo mengine kabisa, na ambaye anwani yake uliyonayo ni ya kampuni aliyokwishaihama. Usimwulize kama bado anaitaka kazi. Mzee haulizwi hivyo.

Vigezo vya kupima maombi ya namba usimwandikie. Waraka huohuo unataka viwekwe wazi, na unasema pasipo vigezo ombi likubaliwe, isipokuwa pawepo sababu nzito ya kulikataa. Paruke hapo. Mtaalamu na atumie busara: Jumatatu alikatae ombi kwa kuwa maelezo ni mafupi, Alhamisi alikatae jingine kwa kuwa ni marefu, na la rafiki yake alione limekaa vizuri. Mwombaji akilalamika, ana haki ya kukata rufaa IESG, yaani kwako wewe uliyemteua mtaalamu. Haki hiyo usiipigie mbiu.

Kwa upande wa muda, ombi jepesi hutegemewa kujibiwa ndani ya wiki moja hivi, zito ndani ya wiki chache. IANA wenyewe hawapimi ubora wa ombi. Wao hulipeleka kwa mtaalamu na kungoja. Akinyamaza, watakuandikia wewe, kwa adabu kubwa. Adabu hiyo ndiyo pumziko lako. Jibu kwamba unalifuatilia.

Watakuja wenye kiherehere na mapendekezo. Watasema uteuzi uwe wa miaka miwili, kisha mtu aulizwe kama anaendelea. Watasema kila sajili iwe na naibu, na siku kumi zikipita kimya achukue faili bila kuomba ruhusa. Watataka orodha ya maombi yaliyolala, kila moja na siku zake, isomwe kikaoni kila mwezi. Yote hayo yanahitaji jedwali moja na mtu wa kulifungua, ndiyo maana yanatisha. Yazime mapema kwa kusema hatuwezi kuwabana watu wanaofanya kazi bure. Hoja hiyo haijawahi kushindwa, ingawa hao wa bure ndio ambao wangeshukuru kuulizwa, maana wengine wana miaka wanatafuta namna ya kujitoa bila kuonekana wakorofi.

Mwombaji aliyechoka atajichagulia namba mwenyewe. Ataitia kwenye programu, programu itaingia kwenye ruta za watu, na siku moja itagongana na namba ileile aliyojichagulia mwenzake aliyechoka vilevile. Watakuja wote wawili mlangoni kwako, kila mmoja na wateja wake nyuma. Wapokee vizuri, kisha waelekeze kwa mtaalamu, kwenye ile anwani ya zamani.